Mpako wa Saba

Nashon hupaka vanishi kwa pamba iliyofungwa ndani ya kitambaa, kwa miduara midogo, bila kunyanyua mkono. Alifundishwa hivyo na babake, aliyekuwa fundi wa mabehewa ya reli hapa Voi, na sheria ilikuwa moja: kazi haijaisha mpaka fundi ajione uso ndani ya mbao. Kwa hivyo upinde mmoja wa zamani wa mishale ulipofika mpako wa tano, na uso uliotokea haukuwa wake, Nashon alijua tu kwamba bado kuna kazi.

Ulikuwa uso wa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mwenye pengo kwenye meno ya juu. Alitazama pembeni kama mtu aliye kwenye foleni. Nashon akaacha vanishi ikauke, akaenda kunywa chai.

Upinde ulikuwa mali ya hoteli moja ya watalii nje ya mji. Meneja, Bi Immaculate, aliununua kwenye mnada wa vitu vya marehemu mwenye ranchi, ukiwa na nyufa na umeliwa na wadudu, akataka utundikwe mapokezi. Aliyetumwa kuuleta karakana ni Wakesho, msafishaji wa hoteli, mama wa Mbololo, na ndiye aliyepita jioni kuuliza umefikia wapi. Nashon akamwonyesha.

"Huyo ni baba," Wakesho akasema, akaketi kwenye benchi.

Akaeleza. Babake, Kituku, alitoka na upinde wake asubuhi moja mwaka wa sabini na tano kufukuza nyani shambani, asirudi. Watu wa ranchi wakasema ametorokea Tanzania na mwanamke. Kijiji kizima kikaamini, maana habari kama hizo ni tamu bwana, hazihitaji ushahidi. Mamake akaamini pia, akafa na hasira zake, akiwa amekataza Kituku asitajwe hata kwenye mazishi yake yeye mama. Wakesho mwenyewe alikuwa na miaka sita. Amemchukia babake miaka hamsini. Sasa alitaka kitu kimoja tu: ajue alipo, amrudishe nyumbani, azikwe kando ya mama.

Kwenye mpako wa sita Kituku akaanza kutembea. Kwenye mpako wa saba akafika penye jiwe lenye umbo la mbuzi aliyelala, akaanguka kando yake, na majembe mawili yakamfukia. Walioyashika hawakuonekana. Upinde ni mwembamba.

Wakesho alilijua lile jiwe. Liko kando ya bwawa la kuogelea la hoteli, iliyojengwa kwenye ardhi ya ranchi ile ile, na pale alipofukiwa babake pamewekwa vigae. Alikuwa amepapiga deki kila siku kwa miaka tisa. Alilia, na Nashon akazima redio mpaka amalize.

Kesho yake Bi Immaculate akaja mwenyewe. Aliutazama upinde kutoka ncha hadi ncha, akamtazama Kituku akifukiwa, akamwambia Wakesho, aliyekuwa amesimama mlangoni, pole sana, Mama Wendy. Akasema pia kwamba vigae vile vilitoka Italia na rangi ile haitengenezwi tena. Halafu akamgeukia Nashon.

"Fundi, unang'aa sana huu. Ufifize kidogo. Wageni watakuwa wanapita pale wakienda kula."

Nashon akachukua msasa laini, akafifiza. Aliacha mahali pamoja tu, chini ya mshiko, padogo kama kidole gumba. Ukijua pa kuinama, Kituku yuko hapo.

Sasa upinde uko mapokezi, na kibao chake kinasema ulikuwa wa mwindaji asiyejulikana. Wakesho huupangusa kila asubuhi, akamsalimia babake kwa Kidawida, kisha huchukua ndoo kwenda bwawani. Akifika kwenye vile vigae huvua viatu. Mwezi uliopita alipewa barua ya onyo, akaitia sahihi. Inasema wafanyakazi wavae viatu wakati wote, kwa usalama wao, kwa sababu mahali pale panateleza.