Pingamizi la Mujahid

Siti alikuwa na miaka hamsini na nane, mjane wa mwaka wa nane, na alikuwa ameposwa. Hilo la mwisho lilimfanya acheke peke yake mbele ya cherehani, akishona sare za shule nyumbani kwake Nakwa, mjini Babati. Mposaji alikuwa Abdulsalam, muuza mchele na maharage, mgane mpole ambaye hata baada ya kukubaliwa aliendelea kumwita Mama Mujahid, naye akimwitikia Baba Amira, kama majirani waliokutana bombani.

Kaka yake Shaaban wa Bonga, ambaye ndiye walii wa kumwozesha, aliridhia kabla hajamaliza chai. Amira, binti wa bwana harusi, alipiga vigelegele kwenye simu. Aliyebaki bila kuambiwa ni mmoja tu, Mujahid, mwana wa pekee wa Siti, na huyo ndiye aliyemkosesha mama usingizi.

Mujahid aliuza vipuri vya pikipiki katikati ya mji. Kila Ijumaa baada ya sala alimpitia mama yake na kilo ya nyama, wakala pamoja, na kila Ijumaa lazima amtaje marehemu baba yake. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje kwamba mama anaolewa? Siti alijaribu mara tatu. Mara ya kwanza aliishia kumuuliza kama nyama imeiva. Ya pili vilevile. Ya tatu alimwongezea wali. Mwishowe akaamua aolewe kwanza, maelezo yatafuata: Jumatano asubuhi, sebuleni kwa shehe Salum kule Maisaka, mashahidi wawili, chai, basi.

Lakini shehe Salum alikuwa na leseni ya serikali ya kufungisha ndoa, na karatasi alizipenda kuliko karani yeyote. Alitaka vitambulisho, alitaka picha ndogo, na kwa kuwa bibi harusi ni mjane, alitaka cheti cha kifo cha mume wa kwanza. Cheti hicho kilikuwa kwa Mujahid. Siti akaenda dukani kwa mwanawe, akadanganya kwamba anakihitaji kwa mambo ya kiwanja, na Mujahid akampa bila swali. Njia nzima ya kurudi aliona haya.

Kisha likaja la tangazo. Shehe alieleza kwamba sheria inataka majina ya wanaotaka kuoana yakae hadharani siku ishirini na moja, ili mwenye pingamizi alilete. Siti akauliza kama linaweza kubandikwa ndani ya kabati. Shehe akasema kabati si hadharani, akalibandika mlangoni mwa msikiti wa Maisaka. Basi Siti akajipa moyo: Mujahid anasali msikiti wa mjini, Maisaka atafuata nini? Ni kosa la mtu aliyeishi Babati miaka thelathini na bado anadhani ni mji mkubwa. Dereva mmoja wa bodaboda alisoma tangazo, akalipiga picha, akaenda nayo pale anaponunua vipuri.

Siku ya kumi na nane shehe alipiga simu. Pingamizi limeingia, kwa maandishi, na mwandishi ni Mujahid.

Siti alitembea mpaka Maisaka kwa miguu, maana alitaka muda. Njiani aliamua: mwanawe akikataa, yeye ataacha. Uamuzi huo ulimuuma vibaya, na bado hakuugeuza. Alipoingia sebuleni aliwakuta Abdulsalam, kofia magotini, na Mujahid akitazama sakafu. Mujahid akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba.

Shehe akavaa miwani, akasoma. "Mimi Mujahid napinga ndoa hii. Kwanza, imepangwa Jumatano, na Jumatano watu wako kazini. Pili, sebule iliyotajwa haitoshi watu kumi. Tatu, mama yangu hajaiba kitu. Asiolewe kwa kujificha."

Abdulsalam alikohoa, na kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani yake. Shehe alisema kisheria hilo si pingamizi. Mujahid akajibu kwa heshima kwamba anajua.

"Lakini shehe, mimi hakuna aliyeniuliza," alisema. "Tangazo ndilo lililoniuliza."

Siti alitamani ardhi immeze. "Nilidhani utaona nimemsahau baba yako," alisema.

"Mama, mimi nakuja Ijumaa. Siku sita zilizobaki huwa nawaza unakula na nani."

Miaka minane Siti alikuwa akimficha mwanawe upweke, akijisifu kwamba amefaulu. Alilia palepale, akacheka katikati ya kulia, na Abdulsalam, asijue la kufanya, akampa kofia yake afutie machozi.

Pingamizi likaondolewa kwa maandishi, kwa sababu shehe hakukubali liondoke kwa mdomo. Tarehe ikasogezwa mpaka Jumamosi, mahali pakawa uani kwa Siti. Rahma, mke wa Mujahid, alimpaka mkwewe hina mpaka viwiko akikataa kabisa kusikiliza habari za umri. Jirani Romana aliazima viti kanisani kwao, masufuria yakawekwa mekoni alfajiri, na Jumamosi hiyo Nakwa nzima ilinukia biriani.

Shaaban aliozesha, Abdulsalam akakubali kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Shehe akafungua kitabu chake cha vyeti, akaita shahidi wa kwanza. Mujahid akasaini, taratibu, herufi kwa herufi, kisha akabaki ameinama juu ya kitabu, mabega yakitikisika. Bibi harusi aliinuka kutoka alipokuwa ameketi, akapita katikati ya wageni, akamkumbatia mwanawe kichwa kwa mikono yake yenye hina, na shehe mpenda karatasi akaweka kalamu chini, akangoja.