Msamaha Uliopelekwa kwa Jirani

Koko, kakao ya asubuhi, ilikuwa haijachemka Malaea alipowaona watu saba wamepiga magoti nje ya nyumba ya jirani, wamejigubika mkeka mmoja mkubwa wa heshima. Maana yake aliijua. Mkosaji huja na watu wake, hujifunika mkeka, husubiri juani hadi aliyekosewa atoke aufunue. Ukifunuliwa, yamekwisha, na mkeka unabaki kwake. Ila mzee Pesamino amekosewa na nani, naye kutwa kucha amelala kwenye kiti?

Kisha akaona viatu vyeupe vya wauguzi vimechomoza nyuma ya mkeka. Fetuao, bintiye wa miaka minne, alipelekwa hospitali kupasuliwa sikio bovu la kushoto, akarudi na bandeji kwenye la kulia, lililokuwa zima. Hawa wamekuja kwa ajili yake, na wamekosea nyumba.

Alikimbia na mwiko mkononi. Alikuta Pesamino ameshaufunua mkeka, anajifuta machozi.

"Mzee, wamekukosea nini?"

"Sijui, mwanangu. Lakini wameomba vizuri sana. Ningewakataa kwa uso gani?"

Daktari Tuiasau, aliyempasua Fetuao, alikung'uta magoti. "Faili linasema nyumba ya mkono wa kulia, mama."

"Ya kulia ukitokea wapi?"

Daktari akatazama barabara huku, akatazama na kule.

"Hata hivyo," akasema muuguzi mkuu, akijipepea kwa faili, "msamaha umepokelewa. Tumeshaandika kwamba yamekwisha."

"Mmesamehewa kosa la mzee Pesamino," Malaea akasema. "La mwanangu bado."

Wakanong'onezana. Ikabidi warudie, safari hii mbele ya nyumba yake. Tatizo, mkeka sasa ulikuwa mali ya Pesamino. Alikubali kuwaazima kwa sharti moja: na yeye apige magoti nao, kwa kuwa shughuli imemnogea.

Basi wakawa wakosaji wanane. Malaea akakaa kizingitini na Fetuao mapajani, akakataa kuufunua mkeka. Jua likapanda.

"Mama, wanacheza nini?" Fetuao akauliza kwa sauti ya kuamsha kijiji. Siku hizi alipiga kelele hivyo, maana haisikii sauti yake mwenyewe.

Malaea akasukuma karatasi na kalamu chini ya ukingo wa mkeka. "Andikeni mlichofanya. Na kwamba atapasuliwa upya, na daktari mwingine, bila mimi kulipa hata senti."

"Dada, chini ya mkeka hakuna makaratasi," ikatoka sauti ya muuguzi mkuu. "Ni kukosa heshima."

"Heshima nimeiona. Sikio sijaliona."

Mkeka ukahema. Mtu akakohoa. "Sogeza kiwiko, mzee," mwingine akalalamika. Kisha daktari, polepole: "Niandike sikio lipi?"

Kwa hasira Malaea akalionyesha kwa kidole sikio la kushoto, akasahau kwamba chini ya mkeka hawaoni. Lakini Fetuao, aliyeona midomo ya mama inatetemeka, aliteremka, akaupata mkono wa daktari uliochomoza ukipapasa kalamu, akauweka kwenye sikio lake la kushoto. Mkono ule ukatulia hapo.

Karatasi ikatoka, mwandiko umepinda kama njia ya kaa: *Tulipasua la kulia lililokuwa zima. Bovu ni la kushoto. Jumatatu atapasuliwa na mwingine, bure.* Chini yake sahihi nane.

Malaea akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kifuani. "Na nitalalamika kule kwa wakubwa wenu vilevile. Kusamehe ni kwangu. Haki ni ya mtoto."

"Ni haki yako, mama," daktari akajibu kutoka gizani mwake.

Ndipo Malaea akaufunua mkeka. Nyuso zote zilikuwa zimelowa jasho, na ya Pesamino ndiyo iliyojuta kuliko zote.

"Kule kwa wakubwa," akauliza mzee, "mimi nitakuwa shahidi au mshtakiwa?"

"Kwa kuwa umetia sahihi, mzee wangu, tafuta wakili. Ila njoo kwanza unywe koko."