Tatu za Mkewe

Kila kitu kiliharibika siku ya Jumatano, tarehe nane ya mwezi wa sita, saa tano kasoro robo asubuhi, na kilichokiharibu kilikuwa ushindi.

Fundi Funguo alikuwa ameketi kwenye mashine namba tisa, ile ya ukutani karibu na sinki, katika ukumbi wa michezo uliotazamana na kibanda chake cha kuchonga funguo. Mbele yake, kwenye ukingo wa kioo, alikuwa amepanga sarafu tatu. Hazikuwa za kucheza. Zilikuwa za mkewe, na mkewe alikuwa na miezi minne udongoni.

Miaka tisa walikuja pamoja kila Jumatano kucheza poka. Mashine inakugawia karata tano, unashikilia unazozitaka, zilizobaki inakubadilishia, basi. Unaweza kuiwekea sarafu moja hadi tano, na wao hawakuwahi kuweka pungufu ya tano: mke tatu, mume mbili. Ndivyo alivyoamua mke, kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma, na ndiye aliyeuelewa ule ubao wa malipo ulioandikwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

"Tazama mstari wa juu, mume wangu," alikuwa akimwambia, kidole kikigonga kioo. "Sarafu moja, mia mbili na hamsini. Mbili, mia tano. Mpaka ya nne unapanda ngazi. Ya tano hupandi tena, unapaa. Elfu nne!"

Mstari wa juu ulikuwa wa ree, mfalme, malkia, ghulamu na kumi, zote za aina moja. Wao waliuita arusi, kwa sababu mfalme na malkia wameketi pamoja na wageni wao. Miaka tisa arusi hiyo haikuja, na hawakuona haraka. Wafanyakazi wa ukumbi wakawabatiza Mbili na Tatu. Sasa Tatu hayupo, na Mbili anakuja peke yake.

Alipoanza kurudi pale baada ya matanga, mkono wake uliweka sarafu mbili ukasimama. Hakuuamuru. Ulikuwa umezoea kusubiri. Tangu siku hiyo akawa anacheza mbili, na zile tatu anazipanga pale ukingoni, kisha anazirudisha mfukoni akiondoka. Nyumbani nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mtu aliyechonga funguo za nusu ya mji alikuwa akibisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, anasubiri kidogo, ndipo afungue.

Tena kulikuwa na barua. Ofisi ya makaburi ilikuwa imeandika kwamba kaburi lolote lisilo na jiwe lenye jina hadi mwisho wa mwezi litahesabiwa halina mwenyewe, na kibao chake cha mbao kitang'olewa ili nafasi itumike tena. Fundi alikwenda kumwona mkuu wa ofisi. Mkuu yuko kikaoni. Akaenda tena. Bado yuko kikaoni. Hospitali nako, usiku ule mkewe alipokuwa akitweta, daktari mkuu alikuwa kikaoni. Watu husema mkubwa ni jalala. Hawa wakubwa wake yeye walikuwa ndio wanaomwaga taka. Na mchonga mawe alitaka bei ambayo, ukiigeuza sarafu za mashine, ilifika elfu tatu na mia nane.

Basi Jumatano hiyo akaweka mbili, akabonyeza. Zikaja mfalme, malkia na kumi za kopa, pamoja na takataka mbili. Akashikilia zile tatu, akabonyeza tena bila kutarajia lolote.

Ree ya kopa. Ghulamu wa kopa.

Mashine ikaanza kulia kama mtoto aliyefinywa. Taa zikawaka. Dada wa chenji, aliyekuwa akipita na mkoba wake wa sarafu kiunoni, akapiga kelele.

"Mzee Mbili! Jamani, arusi! Mzee Mbili kapata arusi!" Akamshika bega, akamtikisa. Kisha macho yake yakateremka hadi chini ya kioo, na mkono ukalegea begani. "Mzee wangu... uliweka ngapi?"

"Mbili."

Dada akazitazama zile tatu pale ukingoni. Hapakuwa na shibiri moja kati yazo na tundu la mashine. Karata zikishagawiwa tundu limefungwa. Huwezi kusema ngoja niongeze.

Meneja akaja, tai imekaza shingo, anatabasamu. "Hongera, mzee! Mia tano si haba."

"Elfu nne," Fundi akasema.

"Hiyo ni ya sarafu tano."

"Karata si ni zile zile? Mfalme wa sarafu tano ana pembe?"

Watu wawili watatu wakacheka. Meneja hakucheka. "Ubao umeandikwa wazi."

"Umeandikwa kwa ajili ya waliosoma. Mliutengeneza hivyo makusudi, muwaibie wajane."

"Mzee, mashine haijui kama mtu ni mjane."

"Ndiyo shida yenu nyie wakubwa wote! Hospitali hawakujua, makaburini hawajui, na mashine yenu nayo haijui. Sasa nani anajua?"

Akapokea ndoo ndogo yenye sarafu mia tano, akatoka. Jambo moja hakulisema mbele ya yule mwenye tai: kwamba ubao aliujua. Alisomewa kila Jumatano kwa miaka tisa.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alimkuta kibandani anachonga ufunguo ambao hakuna aliyeuagiza. Habari ilikuwa imeshavuka barabara.

"Shemeji, zile tatu si zilikuwa mbele yako?"

"Zilikuwa."

"Sasa kwa nini hukuziweka?"

"Si zangu."

"Ni za nani?"

Fundi akapuliza vumbi la shaba. Shemeji akaketi kwenye kigoda.

"Dada angekuzaba kibao, wewe. Angekuzaba, halafu angecheka mpaka alie." Akaanza kucheka yeye, na kilio kikamjia kabla kicheko hakijaisha. Alipojifuta, akasema, "Mia tano mpelekee mchonga mawe. Labda atakubali kuanza."

Mchonga mawe hakukubali. "Kwa mia tano, fundi mwenzangu, nakukatia herufi ya kwanza ya jina. Utawaambia hao wa makaburi wabahatishe zilizobaki."

Ulikuwa utani wa kazini, wa fundi kwa fundi, na siku nyingine angecheka. Siku hiyo alirudi nyumbani, akabisha hodi, akasubiri muda mrefu kuliko kawaida.

Jumatano mbili zikapita hakwenda ukumbini. Jumatano ya mwisho ya mwezi alivuka barabara na ndoo yake, haijapungua hata sarafu moja. Kesho kutwa vibao vinaanza kung'olewa. Mashine namba tisa ilikuwa wazi. Alikaa upande wake wa kulia wa kiti cha watu wawili, kama alivyokaa miaka yote, nusu ya kiti ikabaki tupu.

Akaweka mbili. Mkono ukasimama.

Akatoa tatu, safari hii hakuzipanga ukingoni. Alizifumba kiganjani mpaka zikapata joto. Miezi minne alikuwa amewalaumu waliokaa vikaoni wakati kuna mtu anawangoja, na hapa palikuwa na tundu dogo la chuma linamngoja yeye. Akiziweka kwa mkono wake, huyo mwenye tatu ndiyo basi tena, hatakuja kuziweka. Asipoziweka, na ile arusi ikapita tena, jina la mtu litang'olewa pamoja na kibao chake.

Dada wa chenji alimwona mkono uko hewani. Akasogea polepole, akasimama upande ule wa kiti uliokuwa mtupu, asikae.

"Mzee wangu," akasema, na safari hii hakumwita Mbili. "Leo unaweka ngapi?"