Buti la Mzee Turdali

Hapa mjini Andijani, Mzee Turdali, mpishi wa pilau za harusi, alitibu kila kitu kwa mafuta ya mkia wa kondoo. Mguu wake ulipovimba hadi kuku wakawa wanajikinga jua kwenye kivuli chake, mpwa wake Mavluda, ambaye ni daktari, alimwonya.

"Mjomba, unene umewasha moto mwilini ndani kwa ndani. Mishipa ya limfu, inayorudisha maji kwenye damu, imelegea na inavuja. Maji yanabaki mguuni."

"Basi nitailainisha," alijibu, akameza kipande kingine cha mafuta ya mkia.

Siku ya harusi ya mjukuu wake, bibi harusi alisubiri ndani apate dua ya babu kabla ya kuondoka. Nani aingie na viatu kwenye mazulia? Lakini buti la mguu uliovimba likagoma kuvulika. Wanawe wawili walivuta, wakamburuta uani kote kama gunia.

"Vuteni! Au mmelishwa supu tu?" alifoka.

"Tumelishwa na wewe, baba!"

Magari ya kumchukua bibi harusi yalianza kupiga honi. Mavluda akachukua kisu cha nyama, akalipasua buti. Alibonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki, akaweka humo dengu moja ya pilau. Ikatulia.

"Mguu umelainika, mjomba?"

Mzee aliingia peku, akaomba dua akilia.

Sasa anafunga bendeji na kutembea kila asubuhi. Mafuta ya mkia, anaapa, anayanusa tu. Anayanusa kwa kijiko.