Risasi Chini ya Tandiko la Wilf

Percy Garrod hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake asubuhi, isipokuwa chai ya rangi. Alikuwa amekimbia barabara za Newmarket, mji wa mbio za farasi, akiwa amevaa sweta tatu ili jasho limtoke, na bado mshale wa mizani ulisita kabla ya kumkubali. Pembeni yake Wilf Tansley, kijana wa zizi lao hilohilo, alikuwa akimalizia pai ya nyama huku akilamba vidole.

"Mzee Percy, harufu haiongezi uzito," alisema Wilf. "Vuta tu pumzi."

Wapanda farasi wenzao wakacheka. Percy naye akacheka, na moyoni akatamani pai imkwame kooni.

Wilf alikuwa mwepesi kiasi kwamba ilibidi awekewe vipande vya risasi, ile metali nzito, kwenye mifuko chini ya tandiko, atimize uzito uliopangwa. Hicho ndicho Percy alichomwonea wivu kuliko ujana wake, kuliko hata mikono yake laini kwenye hatamu: mtu kubeba risasi mahali ambapo yeye alibeba njaa. Na leo Bwana Scrivener, mkufunzi mwenye zizi, alikuwa ametamka wazi kwamba kati yao wawili, atakayemtangulia mwenzake katika mbio hizo ndiye atakayepanda farasi wake bora mwakani. Nafasi hiyo Percy aliishikilia tangu aliporudi kutoka Vita Kuu.

Walipokuwa wakizunguka mbele ya utepe wa kuanzia, Percy aliona kifungo cha mfuko wa Wilf kimefunguka. Kipande kimoja cha risasi kilikuwa kinachungulia. Kikianguka njiani, Wilf akipimwa tena baada ya mbio ataonekana mwepesi, na ushindi wake utafutwa. Percy hakuhitaji kufanya lolote ila kunyamaza.

Akanyamaza. Farasi wakazunguka tena. Wilf alikuwa akimpapasa farasi wake shingoni, akimsemesha kama mtoto, hana habari.

"We Wilf," Percy alisema kwa hasira. "Funga mfuko wako, mjinga wewe."

Wilf alishinda kwa urefu wa shingo, Percy nyuma yake. Alipopimwa, mizani ilitulia palepale ilipotakiwa. Alimtafuta Percy, akamnyooshea pai nyingine iliyofungwa kwenye karatasi.

Percy aliitazama. Wivu haukuwa umepungua hata chembe. Lakini kesho hakukuwa na mizani iliyomsubiri. Akaikata katikati, akajichukulia nusu kubwa.