Kipimo Kilicholala Zizini

Regina aliiona nyumba yake ikigeuka nyekundu kwenye kioo cha kompyuta, akashika ukingo wa benchi. Ardhi ya Gorong'a ilikuwa inachemka kama uji. Elieth, binti aliyekuja kuipima ardhi, akamweleza taratibu kwamba hilo si tetemeko lenyewe; ni la hesabu, limetikiswa ndani ya kompyuta kuu, mashine inayojaza jumba zima huko mbali, ili likija la kweli watu wawe wameshajua pa kukimbilia. Kwingine kilimani palitikisika kidogo tu. Kwa Regina palichafuka.

"Mama, hapa usilale tena," alisema Elieth.

Jackson, mwanawe, hakungoja aambiwe mara mbili. Vyombo vya mama yake akavishusha kwake, kule chini, kisha akapanda juu kung'oa bati. Nyumba aliyoijenga marehemu mumewe kwa miaka kumi na mmoja! Kila msumari uliolia ulimchoma Regina, maana alikuwa na neno, na neno lenyewe lilimtisha kuliko tetemeko.

Miezi minne nyuma Elieth alikifunga kisanduku cha kusikiliza ardhi, kinachoilisha kompyuta hiyo, kwenye mwamba nyuma ya nyumba hiyo, akaomba kisiguswe. Lakini huku jirani na mgodi, kitu chenye betri hakimalizi wiki bila kuibwa. Regina akakihamishia pale Mkurya anapoweka anachokithamini: katikati ya zizi, chini ya samadi, na fahali wawili wa kulinda.

"Mura, shuka," alimwita mwanawe kwa Kikurya, kama kijana anavyoitwa. Akasema yote, macho chini.

Jackson akacheka kwa hasira. "Kumbe mashine yote hiyo ilikuwa inasikiliza ng'ombe wakikojoa."

Elieth hakucheka. Alikwenda zizini, akachoma nondo kwenye udongo, ikazama yote. Regina akamwuliza kama sasa nyumba imepona.

"Yako iko juu ya mwamba, mama. Nitarudia hesabu, ila nadhani imepona." Akaichomoa nondo polepole. "Vishindo vya kwato tunavichuja kwenye hesabu. Kisanduku hakikudanganya, kilisema habari za hapa."

Jackson akageuka kuitazama nyumba yake. Kijana akioa hujenga karibu na zizi la baba yake, na yeye alijenga mwaka jana, hatua sita kutoka ilipozama nondo. Rhobi, mkewe, alikuwa ndani na kichanga, akipanga vyombo vya mkwewe.

Ardhi ilikuwa imetulia kabisa. Regina alikimbilia mlango wa Rhobi hivyo hivyo.