Sheri ya Jerez na Kitambaa cha Mutua

Mjinga wa siku ile alikuwa Mutua. Tuseme mapema, maana mwenyewe hakatai, na hakuna haja ya kumtafuta mwingine.

Ilikuwa Oktoba 1998, ndani ya ghala moja upande wa Huangpu, Guangzhou, si mbali na bandari. Mutua alikuwa mtu wa nguo. Mwaka wa pili huo alikuwa akizunguka soko la nguo la Shisanhang na kujaza kontena za kupeleka soko la Gikomba, Nairobi, na alikuwa ametapeliwa mara moja tu, lakini alitapeliwa hasa: suruali nyeusi mia sita ambazo zilipofuliwa Nairobi ziligeuka zambarau, na wateja wakamletea maji ya kufulia ndani ya ndoo ili ajionee. Tangu hapo alitembea na kitambaa cheupe kilicholoweshwa, kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kabla hajakubali mzigo wowote, alisugua mshono kwa kitambaa hicho. Alifungua katoni ya katikati ya rundo, kamwe si ile anayoonyeshwa, kisha akailinganisha na sampuli mbele ya dirisha. Rangi zikitofautiana hata kidogo, mwenye duka ni mwizi, twende zetu.

Utaratibu mzuri kabisa. Kwa suruali.

Aliyempeleka ghalani ni Nyokabi, mwenzake wa kushiriki kontena. Kabla ya kuingia biashara, Nyokabi alisimama miaka kumi na mmoja nyuma ya kaunta ya baa ya hoteli, Nairobi. Sasa hoteli nyingine ya Naivasha ilikuwa imemwagiza sheri, mvinyo wa Jerez huko Uhispania, kavu na tamu, ifike kabla ya Krismasi. Ikiwapendeza, watakuwa wateja wake wa kudumu. Mwaka uliotangulia Guangzhou nzima ilikuwa imechangamkia mvinyo wa nje, kila mwenye ghala akaagiza. Mwaka huu hamu ilipoa, chupa zikabaki. Lori la kwenda bandarini lingeondoka saa sita mchana, na kontena ilikuwa kwa jina la Mutua. Bila yeye kusema ndiyo, haiingii hata sindano.

"Ukikataa nitampigia Dorothea," Nyokabi alimwambia kwenye teksi. "Ana nafasi kwenye kontena yake ya vyombo. Lakini hoteli itakuwa yangu na yeye, haitakuwa yangu na wewe."

"Nani amesema nitakataa? Mimi nakagua tu."

Mwenye ghala, Bibi Liang, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba. Alipanga mezani chupa nne za sampuli, zote zimeshafunguliwa. Fino ilikuwa na rangi ya shaba iliyofifia, amontillado rangi ya asali, oloroso rangi ya chai iliyokolea majani. Ya nne, Pedro Ximénez, ilikuwa nyeusi na nzito kama oili inayomwagwa gereji. Bibi Liang akaeleza kwa Kichina, na Nyokabi, aliyekuwa amekiokota sokoni, akatafsiri.

"Hizi tatu za kwanza ni zabibu aina moja. Inaitwa Palomino. Ni zabibu nyeupe."

Mutua alizitazama chupa, akamtazama Bibi Liang, akarudi kwenye chupa.

"Zabibu moja. Nyeupe. Rangi tatu."

"Ndiyo."

"Muulize ametia nini."

Bibi Liang akazungumza kwa mikono na vidole, akachora pipa hewani, akalifunika kwa kiganja, akalifunua.

"Anasema ni hewa," alisema Nyokabi.

"Wacha hizo, mama. Mtu ameongea dakika tatu nzima. Hewa peke yake haina maneno mengi hivyo."

Nyokabi akashusha pumzi. "Pipa halijazwi mpaka juu. Fino inaota utando wa hamira, kama ule wa maziwa yaliyochemka. Utando unazuia hewa, ndiyo maana mvinyo unabaki mweupe na mkavu. Oloroso inatiwa spiriti zaidi, utando hauwezi kuishi humo, basi hewa inauchezea mvinyo miaka na miaka mpaka unageuka rangi. Amontillado inaanza chini ya utando, halafu utando unakufa. Hii nyeusi ndiyo zabibu tofauti. Zinaanikwa juani kwenye mikeka mpaka zikunjamane, utamu wote unabaki ndani."

Katika maelezo yote hayo Mutua alisikia maneno matatu tu: hamira, spiriti, mikeka.

"Nyokabi, hiyo ni chang'aa. Nyanya yangu Kitui ana hamira na ana mikeka, na hakuna aliyewahi kumbandikia lebo ya dhahabu." Akaigeuza chupa. "Na mwaka uko wapi?"

"Hauandikwi. Wanachanganya mpya na ya zamani, pipa kwa pipa, kila mwaka."

"Haina tarehe." Mutua alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Nilijua."

Akatoa kitambaa. Akamimina tone la oloroso juu yake, akasugua, akakinyanyua: doa la kahawia, pana kama kifungo cha koti. "Umeona? Inachuja rangi." Bibi Liang alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Kisha Mutua akaenda kwenye rundo la fino, akavuta katoni ya katikati, akatoa chupa, akataka ifunguliwe. Akaimimina kwenye glasi, akamimina na ile ya mezani kwenye glasi ya pili, akazipeleka zote dirishani. Ya mezani ilikuwa shaba. Ya katoni ilikuwa imepauka kama majani makavu.

Hapo moyo wake ulitulia kabisa, kama mtu aliyemkamata mwizi mkono ukiwa mfukoni.

"Sampuli na mzigo ni vitu viwili. Tumemaliza, twende."

"Mutua, sikiza. Ya mezani ilifunguliwa miezi mitatu iliyopita, imeingia hewa. Ndicho alichokuwa anakueleza. Ya katoni ndiyo nzima. Onja zote mbili, utajua mwenyewe."

"Sionji kitu ambacho hakijapita ukaguzi. Watu wamepofuka hivyo kwa pombe mbaya."

Nyokabi alichukua glasi ya katoni, akaonja. Ilikuwa kavu, na chumvi kwa mbali, kama lozi mbichi. Akaiweka chini. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika ishirini. Akaomba simu ya ofisini, akazungumza maneno machache, akarudi.

"Dorothea anatuma lori lake."

Mutua alikuwa anakikunja kitambaa. Mkono ukasimama. "Umempa mteja wetu?"

"Nilikuambia kwenye teksi."

"Mimi nilikuwa nakulinda. Suruali zilizonipata mimi hazikukupata wewe, ndiyo maana unaamini watu." Sauti ilianza kupanda, na vibarua wa ghala wakageuza shingo. "Nimesugua. Nimefungua ya katikati. Nimepeleka dirishani. Hebu niambie, ni ukaguzi gani nimeuruka?"

Nyokabi alikuwa ameinama kwenye katoni, anarudisha kizibo kwenye chupa.

"Wageni wa Naivasha hawataivaa, Mutua. Watainywa."